Kibo yenye Madoa: Mawe na Vumbi juu ya Theluji katika Historia ya Milima ya Afrika ya Mashariki

Busawe iko katika nchi ya Mara, baina ya Tarime na nyika za Serengeti, na theluji haijulikani huko ila kwa vitabu. Lakini mvua ya mawe yajulikana sana. Mwandishi wa makala haya alipata kuona huko, baada ya dhoruba moja ya alasiri, jinsi mawe ya mvua yalivyosombwa na maji na kulundikwa nyuma ya ukuta wa ghala. Sehemu ya lundo ilikuwa safi; sehemu nyingine ilifunikwa na matope mazito na majani; na mahali pengine mtu alikuwa amemwaga majivu machache ya jikoni. Kesho yake jua lilipopanda, penye majivu pakatoboka vishimo vidogo vidogo, na lile lililokuwa safi likatoweka polepole. Lililokuwa chini ya matope lilidumu mpaka adhuhuri likiwa limesimama juu ya ardhi kama kichuguu. Uchafu ule ule, basi, ulikuwa umeiharakisha barafu mahali pamoja na kuihifadhi mahali pengine.

Jambo hili, dogo kama lilivyo, ndilo msingi wa elimu nzima ya maumbo yanayotokea juu ya barafu ya milimani. Nia yetu hapa ni kuonyesha kwamba historia ya elimu hiyo katika Afrika ya Mashariki haianzi kwa wasafiri wa Ulaya wenye vipimo na ramani, bali huanzia katika majina ambayo watu wa chini ya milima walikwisha kuipa milima yao. Na kwamba majina hayo yalifasiriwa vibaya kwa sababu wafasiri walitazama weupe peke yake, wakayaacha madoa.

Siku ya 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitoka Rabai kwenda Uchaga, aliona mbele yake kitu cheupe juu ya mlima. Alipomwuliza kiongozi wake ni nini, yule hakuwa na jina la kitu kile, akajibu kwamba ni baridi tu. Jibu hili limetajwa mara nyingi kama dalili ya ujinga. Sisi hatulioni hivyo. Lugha ya pwani wakati ule ilikuwa na maneno mawili yaliyoingia kwa bahari, yaani theluji, kutoka Kiarabu, na barafu, iliyotoka katika lugha za Uajemi na Bara Hindi. Lakini hayo yalikuwa maneno ya vitabu na ya mabaharia, si ya mtu aongozaye misafara ya bara. Mtu asiyekuwa na jina la kitu akalitaja lile alijualo kwa ngozi yake, hakukosea: alieleza sifa badala ya jina.

Wachaga wenyewe walikuwa na habari zaidi. Rebmann alipata kusimuliwa, katika safari yake ya pili mwaka ule ule, kwamba zamani Mangi Rengua wa Machame alituma kundi la watu kwenda kupeleleza kitu kile kilichong'aa kama fedha, na kwamba alirudi mmoja tu, aitwaye Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Yasimuliwa pia kwamba fedha hiyo ikiletwa bondeni hugeuka maji. Hii ndiyo habari ya kwanza ya uchunguzi wa barafu ya Kibo, na waliofanya uchunguzi huo waliulipia kwa maisha yao. Huko London, wakati huo huo, W. D. Cooley, aliyekuwa ameketi na vitabu vyake, alikana kabisa kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta, na katika kitabu chake cha mwaka 1852 aliendelea kuukataa ushahidi wa wamisionari. Ubishi haukuisha mpaka Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipopanda mwaka 1862 hadi kiasi cha mita 4,200 na theluji ikawaangukia. Na mwaka 1871 Charles New akaifikia theluji yenyewe kwa miguu.

Sasa tuje kwenye majina. J. L. Krapf, katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, aliandika kwamba watu wa pwani huuita mlima ule Kilimanjaro, ambalo alilifasiri kuwa mlima wa ukuu, au pengine mlima wa misafara. Na kwamba Wachaga huuita Kibo, maana yake theluji. Juu ya neno Kilimanjaro hatutasema mengi: J. A. Hutchinson alikwisha kuzikusanya dhana zake mwaka 1965, na tangu hapo hakuna aliyezipunguza. Lakini tafsiri ya Kibo kuwa ni theluji haiwezi kuachwa ipite. Katika Kichaga neno hilo lahusiana na kipoo, yaani chenye madoa, chenye mabaka. Na maana yake ni ule mwamba mweusi utokezao katikati ya uwanja wa theluji. Krapf alisikia jina la kitu kizima akalidhania kuwa ni jina la weupe wake. Ni kosa ambalo mtunga kamusi yeyote aweza kulifanya: ukionyesha kwa kidole mnyama aliye juu ya kilima ukauliza jina, huenda ukajibiwa jina la rangi yake.

Kama jina la Kibo lingekuwa peke yake, mtu angeweza kulitilia shaka. Ila laja pamoja na ndugu zake. Mlima wa Kenya, ambao Krapf aliuona kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, baada ya kusikia habari zake kwa Kivoi wa Kitui, huitwa na Wakamba Kiinyaa, na watu wengi hulieleza neno hilo kwa nyaa, yaani mbuni: mlima ulio mweusi na mweupe kama mbuni dume. Kirinyaga ya Wakikuyu hufasiriwa na wengi kwa njia hiyo hiyo, ijapokuwa wako wanaoshikilia maana ya mng'ao. Wamasai nao huuita Ol Doinyo Keri, mlima wenye mabaka au milia. Hapa kuna lugha za Kibantu na lugha moja isiyokuwa ya Kibantu, na zote zimechagua kuitaja michanganyiko ya mwamba na theluji. Majina ya weupe mtupu yapo pia, ndiyo. Wamasai waliuita Kilimanjaro Ol Doinyo Oibor, mlima mweupe, na Wakamba walimtajia Krapf mlima wa weupe kwa jina la Kima jajeu. Lakini yafaa tuangalie ni nani anayesema. Wale wautazamao Kilimanjaro kutoka mbali, nyikani na Ukambani, waliuona mweupe. Wachaga, walio chini yake kila siku, waliyaona madoa. Rwenzori ni tofauti tena: Wakonzo wana neno lao wenyewe la theluji, nzururu, na kutoka humo likapatikana jina Rwenzururu, mahali pa theluji, lililokuja kuwa jina la harakati ya siasa na la dola iliyotangazwa huko milimani miaka ya 1960.

Madoa haya ni nini? Mengine ni miamba tu iliyosimama wima hata theluji isiweze kukaa juu yake. Lakini sehemu yake ni kazi ya mawe na vumbi lililoanguka juu ya barafu, na hapo ndipo inapotupasa kuieleza sheria ile ya lundo la Busawe kwa maneno ya wataalamu. Theluji mpya hurudisha angani kiasi cha sehemu 80 hadi 90 kwa mia ya mwanga wa jua uiangukiao. Barafu ya zamani yenye vumbi yaweza kurudisha chini ya nusu ya hapo. Mwanga usiorudishwa hugeuka joto. Basi vumbi jembamba, la unene wa milimeta chache, hulipokea jua na kulipitisha mara moja kwenye barafu iliyo chini yake, nayo huyeyuka haraka kuliko jirani yake iliyo safi. Lakini vumbi likizidi unene huo, likafika sentimeta mbili tatu na zaidi, joto huchelewa kupenya. Mchana hupita kabla halijafika chini, na usiku hulirudisha angani. Hapo vumbi limekuwa blanketi. Gunnar Østrem aliupima mpaka huu baina ya kuharakisha na kuhifadhi huko Sweden, akatangaza matokeo yake mwaka 1959, na kipimo chake hutumika hata leo.

Kutokana na sheria hii moja huzaliwa maumbo manne au matano, ambayo Kiswahili hakijayapa majina yaliyokubaliwa. La kwanza ni kishimo cha vumbi. Chembe nyeusi hujikusanya, huyeyusha barafu chini yake, huzama, na maji husimama juu yake, kikawa kisima chembamba chenye matope meusi kwenye kitako. A. E. Nordenskiöld alivieleza visima hivyo huko Greenland mwaka 1870 na kulipa vumbi lile jina la Kiyunani lenye maana ya vumbi la barafu. La pili ni meza. Jiwe kubwa na bapa huikinga barafu iliyo chini yake, barafu ya pembeni hushuka, na jiwe hubaki limeinuliwa juu ya mguu wa barafu mpaka siku lianguke. Louis Agassiz na wenzake walizitazama meza hizi katika milima ya Uswisi miaka ya 1840. Huko meza huinama upande wa kusini, kwa kuwa jua huula mguu upande huo. Na msafiri aweza kuitumia kama dira. Kwetu sisi karibu na ikweta dira hiyo haifai: nusu ya mwaka jua huwa kaskazini na nusu ya mwaka huwa kusini, hata mguu huliwa pande zote mbili kwa zamu.

La tatu ni lile tuliloliona nyuma ya ghala. Mchanga ukikusanyika mzito katika bonde dogo la barafu, hukinga mahali pake, na barafu ya pembeni ikishuka, bonde hugeuka kilima chenye ncha, kiini chake barafu na ngozi yake mchanga. Charles Swithinbank aliandika juu ya asili ya vilima hivi mwaka 1950. Ajabu yake ni kwamba mtu akikitazama hudhani ni rundo la mchanga mtupu. Akikichimba kwa kidole hukuta barafu baada ya inchi chache. Sisi twapendekeza kiitwe kichuguu cha barafu. Mtu wa Busawe amekwisha kujua umbo la kichuguu, na ajua pia kwamba kilichomo ndani si sawa na kionekanacho nje.

Tusichanganye haya na umbo jingine linalopatikana sana Kibo, ambalo chanzo chake si mawe. Katika milima ya Andes theluji ngumu huliwa na jua mpaka ikasimama katika safu za visu na miiba, na Waspania wakazifananisha na watu wa toba waliovaa kanzu nyeupe na kofia ndefu. Charles Darwin alipita katikati ya safu hizo mwezi Machi 1835. Kibo inazo pia. Hans Meyer, alipopanda pamoja na Ludwig Purtscheller na kufika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, alikuta juu ya barafu aliyoiita kwa jina la mwalimu Ratzel uso uliolika, wenye mifuo na ncha, ambao ulivunjika chini ya miguu yao na kuwachosha kuliko mteremko wenyewe. Sababu yake ni ukavu wa hewa. Barafu huko juu haiyeyuki yote. Sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji, na kazi hiyo hutumia joto mara nane na zaidi kuliko kuyeyusha. Penye ncha, upepo mkavu huipoza barafu nayo hudumu. Penye shimo, hewa hukaa na unyevu, barafu huyeyuka kwa wepesi, na shimo huzidi kuwa shimo. Vumbi si mwanzilishi hapa, bali ni msaidizi: likishuka kwenye kitako cha shimo hulitia weusi na kuliharakisha. Safu hizo hulala mashariki kwa magharibi, kama njia ya jua.

Inasikitisha kwamba katika masimulizi ya safari ile ya 1889 wenyeji wametajwa kwa uchache. Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki kambini juu kabisa na kuulinda moto katika baridi ile, alijua barafu ya Kibo kwa wiki nzima, na hatuna neno hata moja alilolitumia kuieleza. Laiti Meyer, aliyejaza daftari zake majina ya maprofesa wa Ujerumani ili kuyabandika juu ya barafu, angemwuliza.

Kreta ya Kibo yahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, maana hapo ndipo mchanga na barafu vinapokabiliana. Sakafu yake ni majivu na mchanga wa volkeno, mweusi na mkavu. Juu yake yamesimama mabamba ya barafu yasiyotiririka sana, ambayo ni vigumu kuyaita mito ya barafu. Neno hilo, ambalo baadhi ya walimu hulitumia, lafaa zaidi kwa barafu iliyoshuka miteremkoni. Kingo za mabamba haya si mteremko bali ni kuta zilizosimama wima, nyingine zikitazama kaskazini na nyingine kusini. Katika miezi ya katikati ya mwaka jua huula ukuta wa kaskazini, na kuelekea Desemba huula ule wa kusini. Theluji haiwezi kukaa juu ya ukuta wima, basi ukuta haulipwi kile uliopoteza. Hurudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Mchanga mweusi ulio mbele yake hupashwa moto na jua na kurudisha joto hilo kwenye kitako cha ukuta. Ndivyo nchi ya majivu inavyoila barafu kutoka pembeni, bila hata chembe moja kupanda juu yake.

Na ndani ya kuta hizo mna mistari. Mistari hiyo ni vumbi la zamani, lililokaa juu ya barafu wakati ambapo theluji haikunya ya kutosha, kisha likazikwa na theluji ya baadaye. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu ya Kibo mahali sita, na katika matokeo waliyoyatangaza mwaka 2002 walieleza tabaka la vumbi lionekanalo kwa macho, ambalo walilihesabu kuwa la miaka 4,000 hivi iliyopita, wakalihusisha na ukame mkuu uliozikumba nchi nyingi za Afrika na Mashariki ya Kati. Wataalamu wengine, akina Georg Kaser, hawakukubaliana nao juu ya umri wa barafu yote, ambao Thompson aliukadiria kuwa zaidi ya miaka 11,000; wao huona kwamba mabamba haya yaweza kuwa yalitoweka na kuzaliwa tena. Sisi si waamuzi wa jambo hilo. Lakini yaelekea kwamba mstari wa vumbi ni shahidi wa namna mbili: wasema kulikuwa na ukame, na wasema pia kwamba barafu ya wakati huo ilivaa uso mweusi na bila shaka ililiwa zaidi kwa sababu hiyo, hata tusiweze kujua ni tabaka ngapi zilizotoweka chini ya mstari huo. Kitabu kilichochanwa kurasa hakisomwi kwa kuhesabu kurasa zilizobaki.

Mlima Kenya una masalio ya namna nyingine. J. W. Gregory, aliyeifikia barafu yake mwaka 1893 na kuipa barafu kubwa jina la Lewis, alikuwa mtaalamu wa mawe, akatambua chini sana ya barafu ya siku zile matuta ya mawe yaliyoachwa na barafu ya kale. H. J. Mackinder alikifikia kilele mwaka 1899. Matuta ya namna hiyo yapo Kilimanjaro pia, na C. Downie aliyaandikia mwaka 1964, baada ya safari za chuo kikuu cha Sheffield za miaka ya 1950. Tuta hilo ni mwisho wa safari ya mawe yote tuliyoyataja: jiwe la meza likianguka, na mchanga wa kichuguu ukimomonyoka, vyote hubebwa mpaka ukingo wa barafu na kutuliwa hapo. Barafu ikiondoka, tuta hubaki. Neno tuta, basi, latosha, wala haina haja ya kukopa.

Hata hivyo kwa maneno mengine pana mashaka. Walimu wa jiografia wengine husema barafuto kwa ile barafu itiririkayo, nalo ni jina zuri. Lakini tukilitumia kwa mabamba ya Kibo tutakuwa tumesema jambo lisilo kweli, kwa kuwa mto uliosimama si mto. Twapendekeza bamba la barafu kwa yale ya kreta, na barafuto kwa zile za miteremkoni. Kwa miiba ya theluji, twasita kuchukua picha ya Waspania. Watu wa toba wenye kofia ndefu hawajulikani kwetu, na msomaji atalazimika kujifunza sherehe za Kikatoliki za Sevilla kabla ya kujifunza theluji. Visu vya jua yatosha, maana vimenolewa na jua. Kwa kishimo cha vumbi hatuna pendekezo bora kuliko hilo lenyewe. Sakitu na jalidi zibaki kwa ule umande ulioganda, kama zilivyo.

Imetupasa kuharakisha kuyataja maumbo haya kwa sababu yanakwenda. Mwaka 1912, Fritz Klute na Eduard Oehler walipoupima mlima, barafu ya Kibo ilikuwa kiasi cha kilometa za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Meyer mwenyewe, aliporudi mwaka 1898, yaani miaka tisa tu baada ya kufika kileleni, alikuta imepungua waziwazi. UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya huenda isiwepo ifikapo mwaka 2050. Sababu kubwa zatafutwa katika ukavu wa hewa na upungufu wa theluji, na katika joto la dunia nzima. Vumbi ni sehemu ndogo ya habari hiyo. Lakini theluji mpya inapokosa kuanguka, vumbi la jana hubaki wazi, na lile lililokuwa doa hugeuka kuwa uwanja.

Kuhusu maana ya Kibo, basi, twaona kwamba tafsiri ya Krapf iondolewe katika vitabu vya shule vinavyoirudia, na mahali pake iandikwe yenye madoa. Atakayetaka kupinga hana budi kwanza kueleza kwa nini Wakamba, wakiutazama mlima mwingine kabisa, walimfikiria mbuni. Mbuni dume ni mweusi mwili mzima; manyoya yake meupe ni ya mbawani na mkiani tu.